Kitufe cha Kujinasua

Watu wanaosema mieleka ya televisheni ni ya uongo huwa wananichosha. Kwani nani hajui? Mimi nimeitazama tangu sina hata ndevu, na nilijua mapema kabisa kwamba mshindi anapangwa, na kwamba lile kofi linalolia vile ni mguu unaopigwa sakafuni kwa nguvu. Haikunipunguzia kitu. Wateja kwenye kiti changu walikuwa wakinicheka, kinyozi mzima na mvi zake anasimulia mkanda wa ubingwa ulivyonyang'anywa, nami nawaambia watulie, wembe uko shingoni mwao.

Mwaka huu nikapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ingawa nauburuza. Mdomo nao ukarudi, tena na matusi yake yote, anavyosema Mama Pacha, mke wangu. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa kimpira cha kuminya, nikakiminya siku mbili nikakitupia chini ya kitanda. Mtu mzima unakaa unaminya mpira unatazama ukuta? Hapo ndipo binti yetu, mmoja wa wale pacha, alipotuletea gemu ya mieleka kutoka kwake na kuiunganisha kwenye televisheni yetu. Mtaalamu aliipenda. Alisema vitufe vile vinataka kidole gumba, na bila kidole gumba hakuna kinyozi.

Basi kila alasiri Mama Pacha akitoka kwa dobi, anakopiga pasi, tunakaa kwenye kochi kila mtu na rimoti yake. Mwanamke huyu hajawahi kutazama mieleka hata dakika moja. Zamani alikuwa akipita mbele ya televisheni makusudi. Mimi nikamchagua Zege, jitu lisilo na shingo. Yeye akachagua mwembamba mmoja aliyefunika uso, ati kwa sababu suruali yake imenyooka.

Wiki za mwanzo alinitandika vibaya. Mkono wangu ulilala juu ya rimoti kama soksi iliyoloa. Halafu taratibu nikaanza kushinda. Mara moja, kisha mara kwa mara, kisha kila siku. Nikatwaa mkanda. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na nilimwambia hivyo, akanipiga na mto. Maana ushindi ule haukuwa wa gemu. Kidole kikimshinda mtu mwenye mikono miwili mizima, kidole hicho kimepona, au siyo? Nikampigia mwenye saluni nikamwambia Jumatatu narudi. Akasema karibu sana Fundi, kiti chako kipo. Wateja waliokuja kunijulia hali nao walisema wananisubiri. Mwalimu mmoja mstaafu aliahidi atakuwa wa kwanza kukaa. Yule hataki mashine, ni wa wembe tu, na ngozi ya koo lake imelegea. Ukiteleza kidogo umemkata.

Jumamosi binti alituachia mjukuu, akalala chumba cha pili, kwa hiyo tukacheza bila sauti. Mimi siku zote nafungulia sauti mpaka majirani wanagonga ukuta, maana nataka kelele za mashabiki. Siku hiyo kimya. Zege akambeba mwembamba, akambwaga, akamlalia. Refa akaanza kuhesabu. Sasa, kwenye gemu hii ukilaliwa kuna kitufe kimoja cha kujinasua. Unakibonyeza harakaharaka kabla refa hajafika tatu, nacho kinalia tak tak tak, hata aliye jikoni anakisikia. Moja. Mbili. Sikusikia kitu. Tatu. Zege akainua mkanda wake juu.

Sikugeuza shingo. Niliomba tucheze tena, na safari hii nilimtazama yule mwembamba kwa jicho la shabiki. Loo, niliona kila kitu. Anainuka akiwa amenipa mgongo. Anajileta mwenyewe kwenye kona ambayo naweza kumfikia. Anarusha teke nikiwa mbali, linapita hewani, kisha anasimama anasubiri. Miaka yote nimetazama watu wakipanga kuanguka, na mimi nimepangiwa kwenye kochi langu nisione. Kwenye mieleka hata mtoto aliyekaa jukwaani anajua kinachoendelea. Katika nyumba hii asiyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Alipolaliwa tena nikaangalia mikono yake. Kidole gumba alikuwa amekikunja ndani ya ngumi.

Nikamuuliza tangu lini. Kwanza alijifanya haelewi, akanitania kwamba siku hizi nimekuwa refa. Hasira zikanipanda. Nilimwambia keshokutwa nashika wembe nauweka kwenye koo la mtu, naye anajua hali ya mkono huu, na amekaa kimya. Akaiweka rimoti mapajani.

"Ulikuwa huli," akasema. "Siku ile ukashinda mara moja kwa bahati, ukala sahani nzima. Nikasema basi, ashinde."

"Na Jumatatu?"

"Nilidhani mkono utafika kabla hujajua, Baba Pacha. Kila siku naomba ufike."

Matusi niliyokuwa nimeyaandaa yalinikwama hapo hapo. Ningemtukana kwa lipi? Nikamwambia tucheze kweli. Akakataa. Nikamwambia akinihurumia tena natoka nyumba hii leo leo, na mguu wangu huu wa kuburuza, nisirudi. Basi akacheza. Alicheza machozi yanamtoka, hayafuti kwa sababu mikono yote iko kazini, na hata hivyo alinitandika. Yule mwembamba kumbe ana teke si la kawaida. Akambwaga Zege, akamlalia, refa akapiga magoti. Moja. Nikakiambia kidole kibonyeze. Kilikuwa pale pale juu ya kitufe, nakiona, kucha ni yangu, kovu ni langu. Mbili. Kikasogea kidogo, kivivu, kikatulia tena. Tatu.

Mjukuu akakohoa chumbani, akanyamaza.

Nilimwomba mke wangu ampigie mwenye saluni amwambie sirudi. Mimi mwenyewe nisingeweza. Akapiga, akaweka spika nisikie mwenyewe, asije akaambiwa baadaye kwamba alipunguza maneno. Akamweleza kwamba mkono bado, kwa hiyo Jumatatu haitawezekana.

Mwenye saluni alishusha pumzi ndefu.

"Afadhali, shemeji," akasema. "Maana kile kiti nilishampa kinyozi mwingine, siku nyingi tu. Na wateja tulikubaliana wamwambie wanamsubiri, ili asife moyo. Hata mwalimu ananyolewa hapa hapa. Nilikuwa silali, nawaza Jumatatu akiingia na wembe wake nitamwambia nini." Akasita. "Ila tafadhali, yeye usimwambie. Mwache aamini hivyo hivyo, apone."

Mke wangu akanitazama, simu mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na rimoti yangu.

"Sawa, shemeji," akamjibu. "Sitamwambia."