Mabuu Waliokataa Maji

Miaka mitatu mfululizo mabuu wa mbawakawa wa majini walimfia mtunzaji, na miaka yote mitatu alisingizia maji. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Fundi pampu wa maabara, mdogo wa mumewe, alikuwa na huruma isiyouliza maswali. Akikuta buu amepanda ukutani mwa tangi, anamrudisha majini.

"Nimemwokoa mwingine, shemeji!"

"Umemzamisha," mtunzaji alimwambia siku alipomfuma. "Huyo keshakula viluwiluwi akashiba. Sasa anatafuta udongo ajifukie, ageuke mbawakawa."

Fundi akakaa juu ya ndoo. "Yaani ni mimi niliyekuwa nawaua?"

"Wewe na wema wako."

Walibaki mabuu watatu, na bwawa pekee walikotoka lilishakauka. Mtunzaji akawawekea beseni la udongo chepechepe. Wakajichimbia, kimya.

Siku ya ishirini mkuu wa maabara akaja na kijiko. "Tufukue tuone kama wako hai."

"Ukifukua utaona maiti, mkuu. Sasa hivi ni laini kama uji, hawagusiki." Akalikumbatia beseni. "Hapa hachimbi mtu."

Mkuu aliujua msimamo wake, akaondoka na kijiko chake. Mtunzaji hakuwa na shaka na udongo wake hata chembe. Hofu yake ilikuwa moja tu: wote watatu wakitoka madume, ukoo mzima umekwisha.

Siku ya ishirini na sita udongo ukapasuka, akatoka mbawakawa mweupe, bado laini. Wakamwacha gamba likauke, kisha mtunzaji akamgeuza chini ya lenzi. Miguu ya mbele ilikuwa na vikombe vidogo vya kunatia, vya kumshikia jike. Dume. Kesho yake akatoka wa pili, naye dume. Mkuu akatikisa kichwa, akaondoka.

Wa tatu aliwachelewesha siku nne. Fundi alikonda. Mbawakawa huyo alipotoka na kukauka, mtunzaji alimtazama kwa lenzi muda mrefu, kisha akampisha shemeji yake.

"Huyu hana vikombe," fundi akasema. "Ana kasoro?"

"Hana hata moja. Ni jike, shemeji."

Fundi, mtu mzima na ndevu zake, akalia kwa sauti, na mtunzaji, aliyezoea kumtania, safari hii hakumcheka.