Kompyuta Iliyolilia Jina

Jumatatu saa mbili asubuhi, kompyuta ya ofisi ya rekodi katika kituo kimoja cha afya karibu na Mayoni ilianza kulia kama mtoto mchanga. Zipporah, karani wa hapo, alipunguza sauti ya redio, akaendelea kujaza fomu.

Kisa alikijua. Kila ombi la kibali cha upasuaji lilikwenda kwa kompyuta ya Nairobi, na kabla ya kusemezana, kompyuta hizi mbili zilionyeshana vyeti vya utambulisho, kila moja imjue mwenzake. Cheti cha hapa kilikuwa kimeisha muda Ijumaa. Zipporah alipiga simu mara sita kuomba kipya, akajibiwa kwa adabu kwamba cheti kipya huombwa kupitia kompyuta hiyohiyo, baada ya kuonyesha cheti. Haya basi! Mgonjwa haulizwi uji, lakini hapa aliulizwa mpaka cheti cha kijiko.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Gentrix, miaka sita, mwenye tundu moyoni. Alikaa kwenye benchi na bibi yake, Namalwa, wakisubiri kibali cha kwenda kupasuliwa Eldoret.

"Mtoto analianga hivyo akitaka jina," Namalwa alisema. "Itajie waliokufa."

Ndivyo wafanyavyo huku: mtoto asiyekoma kulia hutajiwa marehemu mmoja mmoja, na akinyamaza, jina amelipata. Zipporah alianza na baba yake. Ikazidi kulia. Akataja shangazi, akataja mwalimu wake wa darasa la tatu. Alipofika kwa Wanzala, fundi aliyeiunganisha kompyuta hiyo na ambaye walimzika Butere mwezi wa Machi, ikanyamaza.

"Afadhali," alisema, akatuma ombi. Kompyuta ya Nairobi ikaonyesha cheti chake, halali mpaka mwaka ujao. Ikadai cha hapa. Ombi likarudi.

Wiki tatu zikapita hivyo, kompyuta ikilia kila asubuhi. Gentrix alizoea, akawa anamwita Wanzala yeye mwenyewe kabla karani hajavua sweta. Zipporah alimpenda mtoto yule, na roho ilimuuma kila alipomwambia arudi kesho.

Alhamisi ya wiki ya nne benchi lilikuwa tupu na kompyuta inalia. Zipporah aliita Wanzala. Wapi! Akawaita wafu wote aliowajua mpaka koo likamkauka.

Namalwa akaingia peke yake, leso kichwani.

"Karibu, kukhu," Zipporah alisema, akimwita bibi kwa lugha ya huku. "Leo imemkataa Wanzala."

"Najua. Mwite Gentrix."

Zipporah alitikisa kichwa kukataa. Huko nje watu wa foleni walianza kulalamika kuhusu kelele. Mwishowe akalitaja, kwa sauti ndogo.

Ikanyamaza.

Namalwa alikaa kwenye benchi, mahali pake pa kila siku. Zipporah alijifuta machozi kwa kiganja, akafungua ombi la mgonjwa aliyefuata, akalituma. Kompyuta ya Nairobi ikaonyesha cheti chake, halali mpaka mwaka ujao. Ikadai cha hapa.