Betri Zilifika Salama

Nguo ya fundi wa betri ina hila yake. Tindikali ikiirukia haionyeshi kitu. Unaivaa ukijiona umevaa, hadi siku inapoingia majini, ndipo inapoachana mikononi mwa mfuaji. Bernadeta, mke wa Alois, alikwisha kuchoka kumfulia mumewe matambara.

Alois alikuwa Mluguru wa Mlali, ila riziki yake aliipata mjini Morogoro, katika karakana ya Wadachi, yaani Wajerumani, akitunza betri. Kazi hiyo alijivunia na, ukweli usemwe, alijivunia kupita kiasi. Betri zake alizipa maji ya mvua tu. Ya kisima, yang'ae yatakavyong'aa, hakuyagusa. Vichwa vya betri alivifuta kwa magadi, yanayoua tindikali, visiliwe na kutu. Betri ikimfia, alinuna kutwa nzima na chakula hakionji.

Mwaka ule wa Vita Kuu, Waingereza walipokuwa wakikaribia, mkubwa wa karakana, Mdachi aliyeitwa na watu Bwana Miwani, alimwita. Kule mto Rufiji kulikuwa na boti ya mota iliyolala kwa kukosa betri, nayo ilitakiwa kuvusha jeshi lao. Alois achague betri zilizo bora, kisha afuatane nazo milimani akizitunza mpaka mtoni.

"Zikifika zote hai, unarudi kwako," Bwana Miwani alisema. "Hata moja ikifa, hurudi."

Sasa fundi aliyetishwa hivyo atachagua nini? Zilikuwapo ndogo, nyepesi, ambazo zingeiwasha mota ile bila taabu. Alois aliziacha. Alichukua kubwa, zenye vibao vinene vya madini ya risasi, zisizokufa ovyo. Wa kuzibeba hakuwafikiria. Walikuwa hawajakamatwa bado.

Walikamatwa Mlali. Askari waliwaswaga wanaume kutoka mashambani, na miongoni mwao alikuwamo Kasiani, mtoto wa Maria, dada yake Alois. Kwa Waluguru mpwa ndiye mrithi, ndiye atakayelibeba jina la mjomba. Alois alimfuata Bwana Miwani mbio, akamwomba Kasiani awekwe kwenye betri, na zikifika salama arudi naye. Bwana Miwani akakubali. Alois akaona amemwokoa, kwa maana waliobebeshwa mizinga ya vita walichapwa viboko mpaka wakafia njiani, lakini mbeba betri nani atampiga, sanduku lianguke?

Maria alikuja na shati la merikani alilolishona mwenyewe, akamvisha mwanawe kwa ajili ya baridi ya mlimani. Kisha akamshika kaka yake mikono yote miwili.

"Ahsante, kaka. Mungu akuzidishie. Nimekukabidhi."

"Nitakurudishia," Alois alisema.

Kila sanduku lilibebwa na watu wawili juu ya miti miwili, kama machela. Betri haitaki kuinama; ikiinama, tindikali inachuruzika kwenye matundu yake ya kupumulia. Kwa hiyo kwenye kupanda Alois aliwapanga wafupi mbele na warefu nyuma, sanduku likae sawa. Kasiani alikuwa mrefu kuliko wote. Lakini njia ya Mgeta ni ya kupanda kwa magoti, na hakuna mpango utakaoweka sanduku sawa pale. Kila aliye mbele alipoteleza, tindikali ilimwagikia aliye nyuma, begani na kifuani.

"Mjomba," Kasiani alisema walipopumzika, "imwage tindikali hii. Tuzibebe tupu. Huko mtoni mtatia nyingine."

"Vibao vikikauka, vinakufa."

"Na mimi je?"

"Zikifa haturudi, wewe wala mimi. Vumilia, mwanangu."

Alimpenda, asije mtu akasema hakumpenda. Lakini magadi yalikuwa kifuko kimoja, na kila kituo Alois alianza na betri: kuzifuta, kuzitazama, kuziongeza maji ya mvua aliyoyachukua kwenye chupa. Kilichobaki ndicho alichompaka mpwa wake. Kasiani aling'ang'ania shati la mama yake kwa ile baridi, na chini ya shati nyama ilikuwa ikioza.

Betri zilifika salama. Bwana Miwani, aliyekuwa ametangulia mtoni, alizipima zote, akampa Alois mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Alois aliona fahari, na kwa fahari hiyo hakuja kujisamehe. Kesho yake ikaja amri kwamba adui yu karibu, boti isiachwe imkute. Wakaitoboa ikazama, na betri zote zimo ndani, hai kabisa.

Ahadi ilitimizwa, wakaachiwa wote wawili. Kasiani alitembea na homa hadi Kisaki, hakuweza zaidi. Alois alimzika kwa mikono yake, akabaki na shati.

Huko Mlali Maria alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini hakumlaumu kaka yake. Alilipokea shati, akaligeuza mbele na nyuma, akipapasa madoa ya kahawia yaliyokauka.

"Halijachanika popote," alisema. "Nitalifua. Siku ya kuondoa matanga alivae mdogo wake."

Akatia maji kwenye beseni. Alois alijua kitakachotokea. Alitaka kumzuia. Angemwambiaje hilo bila kumwambia na mengine yote?

Maria alilitumbukiza, akalifikicha mara moja tu. Alipoinua mikono, ilikuwa imeshika ukosi na kipande cha mgongo. Kifua chote kilikuwa kikielea majini, vipande vipande. Aliviokota kimoja kimoja, akaviweka pajani, akajaribu kuvipanga kama vilivyokuwa, lakini navyo vikazidi kuachana vidoleni mwake. Mwisho akaacha, akamwinulia kaka yake uso.

"Kaka," alisema, "ulimbebesha nini mwanangu?"