Matusi Chumbani kwa Bi Mgeni

Asikwambie mtu, Badria alikuwa na macho mawili tu lakini alipekua kama mwenye manne. Tangu mama yake, Bi Mgeni, apigwe na kiharusi kikamlaza upande mmoja na kumnyang'anya kauli, kila aliyeingia nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu alikuwa mshukiwa. Na alikuwa na haki. Mtu asiyeweza kusema atakwambia vipi kwamba amefinywa, au amenyimwa uji, au ameachwa kwenye shuka lililolowa tangu asubuhi?

Duka lake la vitenge lilimtaka, mama naye alimtaka. Akaenda ofisi moja ya wahudumu wa nyumbani, huko Ilala, wakamwambia ajaribu wawili kisha achague.

Wa kwanza, Nasreen, alikuwa binti wa kiungwana, sauti ya chini, "mamangu kipenzi" haliishi mdomoni. Kila jioni Badria alikagua mwili wa mama yake, akanusa shuka, akachungulia sufuria ya uji. Hakukuta kitu, na hilo ndilo lililomnyima raha. Mtu mwema namna ile, alijiambia, lazima kuna kitu anaficha.

Wa pili alikuwa Evarista, bonge la mama, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Badria alimhoji kama polisi: amesomea wapi, amemhudumia nani, anakaa wapi. "Mbagala," Evarista akajibu. Kwao hasa Badria hakuuliza. Pale ofisini walikataza maswali ya kabila, naye alijiona mtu wa mjini, mambo hayo kayapita.

Haikuchukua muda, Shamsa, mpangaji wa chumba cha pili, akampigia simu dukani. "Shoga, sitaki kugombanisha watu. Lakini yule mama anamtukana Bi Mgeni. Nimesikia kwa masikio yangu."

Badria alimwacha mteja na kitenge mkononi. Alipita katikati ya mikokoteni nusu anakimbia, akaingia kwa mlango wa uani, ndala kazishika, akasimama ukumbini kutega sikio.

"Fungua mdomo, Mzaramo mvivu wewe," Evarista alikuwa anasema. "Umelala kama sultani, mimi nakulisha. Ukifa leo sanda yako naipeleka mnadani, na ubwabwa wa msiba wako naanza kuupakua mimi."

Damu ilimchemka Badria. Akausukuma mlango. "Kusanya vyako utoke, kabla sijakuitia watu."

Evarista aliweka kijiko, akampangusa Bi Mgeni kidevu, akachukua mkoba wake. "Dada, nilidhani unajua. Mimi Mnyamwezi wa Sikonge. Uliponiambia bibi ni wa Kisarawe, nikajua nimefika kwa mtani wangu."

Utani Badria aliujua, nani asiyeujua? Mzaramo na Mnyamwezi hutukanana tangu enzi za mababu, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Huyohuyo Bi Mgeni, alipokuwa mzima, alikuwa akiwavua Wanyamwezi viatu misibani na kuvipigia mnada, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao. Lakini hata utani unaweza kuwa pazia la mtu mbaya, na Badria hakuwa wa kulainishwa kwa maneno.

"Utani ni kwa mtu anayeweza kujibu," akasema kwa ukali. "Huyu hawezi."

"Mpa... gazi."

Wote wawili wakageuka. Bi Mgeni, mdomo umeenda upande, uji kwenye midomo, alikuwa anamkodolea Evarista macho ya ugomvi ambayo Badria hakuyaona tangu kabla ya ugonjwa.

"Mpagazi," akarudia, safari hii likatoka lote. Ndivyo Wazaramo wanavyowaita Wanyamwezi, kwa mizigo waliyoibeba zamani kuja pwani.

"Ehe," Evarista akasema taratibu. "Mvivu kaamka."

Badria akakaa ukingoni mwa kitanda, akalia. Furaha ilikuwepo, na wivu nao ulikuwepo, uchungu hasa. Muda wote huo alimsemesha mama yake kama kichanga: kula mama, lala mama, pole mama. Alimtafuta alama za vidole mwilini, wala hakuwahi kumchokoza hata kidogo ajibu.

Akamvua Evarista mkoba begani, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Uji unapoa," akasema. "Mlishe. Na umtukane."