Maji Yaliyokataa Kutakata

"Safisha bwawa lako! Hayo mengine utamweleza Mungu!"

"Mungu hajakupandisha ukutani, jirani."

"Nimepandishwa na mbu wako! Mjukuu wangu katoka hospitali jana, mkono umejaa matundu ya sindano. Na leo niseme mbele ya watu: mumeo aliingia humu, kutoka hatukumwona. Unaficha nini chini ya hayo maji?"

Watu wenyewe nilikuwa mimi peke yangu, nimesimama getini na brashi ya mpini mrefu begani, ndoo ya klorini mkononi. Aliyekuwa akifoka ni fundi cherehani wa nyumba ya pili. Kasimama juu ya kreti la soda upande wake wa ukuta, futi ya kupimia inamning'inia shingoni. Aliyekuwa akifokewa ni mwenye nyumba, karani wa shule, mwanamke mwembamba ambaye hakuinua sauti hata mara moja. Hilo nalo mtaani lilihesabiwa kosa. Mwenye hatia ndiye asiyepiga kelele, walisema.

Nami sijitoi lawamani. Kusafisha mabwawa kunanipitisha nyumba kumi kwa wiki, na habari kwangu ni kama klorini, nikishaishika nguo zote zinanuka. Habari ya karani niliibeba mwenyewe toka geti hadi geti: mume katoweka miezi minane, ndala zake zimekutwa ukingoni mwa bwawa, pampu imezimwa, maji yameachwa yageuke kijani mpaka ngazi ya kuteremkia haionekani. Jumlisha mwenyewe.

"Bwana afya amenipa mpaka Ijumaa," karani aliniambia baada ya kufunga geti. "Likiwa bado hivi wanaleta mashine walikaushe. Utaweza?"

"Mama, mimi nimeshatakatisha lenye mzoga wa mbwa ndani."

Nikauma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Hakucheka.

Jumatatu hiyo nilichota majani, nikasugua kuta zilizokuwa na utelezi kama mgongo wa kambare, nikamwaga tindikali kidogo, kisha klorini mara nne ya kawaida, nikawasha pampu izunguke hadi asubuhi. Kanuni ni rahisi. Kijani kikifa, maji yanakuwa kama maziwa yaliyoharibika. Hapo unaweka shabu, unazima pampu, uchafu wote unazama, unaufyonza chini kwa bomba. Mwisho wa habari.

Mama mkwe wa karani alikaa kwenye kiti kando ya bwawa siku nzima. Bibi mdogo wa mwili, mikono juu ya magoti.

"Polepole na brashi yako kule kwenye kina, mwanangu," aliniambia. "Yuko pale."

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Aliteleza. Wanasema mkwe wangu kamtumbukiza, waongo. Angemtumbukiza, angenitunza mimi?"

Niliitoa brashi majini. Chai ilipokuja, haikuwa na kijiko. Nikakoroga sukari kwa mpini wa kisu.

"Vijiko vya nyumba hii vina miguu," karani alisema bila kumtazama bibi. "Nanunua leo, mwezi ukiisha sina hata kimoja."

Jumanne asubuhi nilikuta maji ya kijani vilevile, kama vile sikuyagusa. Nikapima, klorini haipo hata tone. Sasa, klorini haiishi bure. Ikiisha usiku mmoja, ujue kuna kitu kinachoila, na kitu hicho kinaongezwa. Nikafungua kikapu kinachonasa takataka kabla hazijafika kwenye pampu. Ndani mlikuwa na punje za wali, maharage, na kipande cha nyama kilichokatwa vizuri, bado kina rangi ya mchuzi.

Nikakibeba kikapu hadi jikoni, nikakiweka mbele ya karani. Alikitazama kama mtu anayetazama matokeo ya hospitali.

"Ni chakula cha jioni," akasema. "Sahani ya mwanawe inapakuliwa kwanza, kabla ya zetu. Mama mkwe anampelekea."

"Na wewe unamwachia?"

Alisukuma mlango ukafungika. Akatoa simu, akabonyeza. Sauti ya mwanamume mzima wa afya ikajaa jikoni: *Usinitafute. Nina maisha mengine sasa. Mama mwambie lolote.* Nyuma yake mtoto mdogo alikuwa akiita, "Baba! Baba, njoo!"

Nilikaa juu ya gunia la mkaa bila kukaribishwa.

"Hii ilikuja wiki ya pili," karani alisema. "Polisi niliwasikilizisha, wakafunga faili. Mama yake sikuweza. Alikuwa ameshaziona ndala, ameshalia, ameshapata mahali pa kukaa na mwanawe jioni. Nimwambie nini? Kwamba aliyemzaa kavaa viatu vyake vizuri akaondoka bila hata kumwamkia?"

"Na wewe unaitwa muuaji, mama. Mtaa mzima." Sikusema nani aliusaidia mtaa.

"Jina likichafuka linafulika. Moyo wa mzee ukivunjika hauna fundi." Akanishika mkono wenye kemikali. "Mwambie bwana afya maji yamekataa."

"Watalikausha. Litabaki tupu mbele ya macho ya bibi, tena kwa mashine."

Aliuachia mkono wangu. "Basi maliza. Nitamwambia kabla hujamaliza."

Nikamwaga klorini upya. Jioni hiyo, na mbili zilizofuata, karani alijilaza akasingizia kichwa, bibi akabaki chumbani kumkanda kwa kitambaa cha maji, na bwawa likalala na njaa. Jumatano kijani kilikuwa kimekufa. Nikaweka shabu, nikazima pampu. Alhamisi niliuacha uchafu uzame. Kila nilipomtazama karani niliuliza kwa macho, naye kila mara alitikisa kichwa. Alifungua mdomo mara tatu, aliniambia baadaye, na mara zote tatu bibi alimtangulia: "Umeamkaje na hicho kichwa, mwanangu?"

Ijumaa saa kumi jioni, bwana afya alikuja na faili lake, na nyuma yake mtaa. Geti lilijaa. Fundi cherehani alikuwa ameshapanda kreti lake. Maji yalikuwa safi hata ukaona kila kigae ukutani, lakini sakafu ilikuwa bado imefunikwa na tandiko zito la kijivu. Na kule kwenye kina, pale pale alipoonyesha bibi, tandiko lilikuwa limeinuka kama kichuguu.

"Si nilisema!" fundi cherehani akapaza sauti. "Kile pale! Mungu wangu, kile pale!"

Mtu getini akaanza kuomba dua. Mimi niliyeisikia ile simu kwa masikio yangu, nilikikwepa kile kichuguu. Nikaanzia kwenye kina kifupi. Mstari mmoja mweupe, mstari wa pili, wa tatu. Nikasikia ncha ya chuma ya futi ya fundi cherehani ikigonga ukuta.

Nikafika kwenye kichuguu. Matope yakapanda kwenye bomba, na chini yake kitu kikametameta. Kijiko. Kando yake kingine. Kisha lundo zima, vijiko juu ya vijiko, kila jioni kimoja, ili mwana wa bibi asile kwa mikono yenye maji.

Hapakuwa na kingine.

Bibi aliinuka, akashika chuma cha ngazi, akaitazama ile sakafu kutoka mwisho hadi mwisho.

"Hayumo."

Akamgeukia karani.

"Mkwe wangu, hayumo."

"Hayumo, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili. Alituma sauti."

Pampu ilikuwa ikinguruma. Niliizima, ikawa vibaya zaidi.

"Basi yu mzima," bibi alisema. Uso ulianza kufunguka, kisha ukaacha. "Mzima. Miezi minane. Na mimi nampelekea chakula."

Bwana afya aliandika neno moja, akafunga faili, akapita katikati ya watu bila kuaga. Watu getini wakaanza kupungua. Fundi cherehani alikuwa bado juu ya kreti, kama aliyesahau namna ya kushuka.

"Mama," alianza, "mimi nilidhani..."

"Wewe unapima watu kwa futi ya nguo. Nilikuwa nakusikia siku zote," bibi alisema.

Nilishusha wavu, nikavichota vile vijiko, nikaviweka ukingoni vikichuruzika. Bibi alichuchumaa taratibu, akavipangusa kimoja kimoja kwa upindo wa gauni lake, akavijaza mikononi mwa karani. Kwa muda mikono yao minne ilikaa pamoja juu ya vile vyuma. Karani alikuwa akilia sasa, kwa sauti, kwa mara ya kwanza mtaa huo kumsikia.

"Vikaoshwe," bibi alisema. Kisha akatugeukia, mimi na aliye ukutani. "Sahani ya mwanangu imeshapakuliwa, na mwenyewe hayupo. Zunguka getini, jirani. Na wewe fundi wa bwawa, nawa hiyo dawa. Ingieni, mle chakula. Leo vijiko vipo."