Toroli la Mashuka Mabichi

Msimamizi aliisukuma karatasi juu ya meza mpaka ikagusa kidole cha Shangazi, akamwambia atie sahihi pale chini, kazi zinasubiri.

Shangazi, kama walivyomwita wafuaji wote wa hospitali ile, hakuishika kalamu. Alisoma taratibu, midomo ikimchezacheza. Karatasi ilisema kwamba jana asubuhi mfuaji mmoja alisimama mbele ya toroli kwa uzembe wake mwenyewe, akavunjika nyonga. Mfuaji huyo alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake. Kazi hiyo yeye ndiye aliyemtafutia. Sasa alikuwa amelazwa wodi ya juu, juu ya shuka walilolifua wao wenyewe.

"Kwa uzembe," Shangazi alirudia.

Msimamizi alimweleza kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa. Toroli halina miguu wala akili, haliondoki mpaka mtu aliondoe. Akitia sahihi, yeye atabaki kazini. Wifi atapumzishwa kazi.

Damu ikampanda Shangazi. Breki ya toroli lile ilikuwa imekufa miezi mitano. Mara tatu alikuja humu humu ofisini kusema, mara tatu akaambiwa avute subira. Basi wakajitafutia njia. Kwenye mteremko wa kwenda chumba cha kukaushia, mmoja alishika mpini nyuma, mwenzake akatangulia mbele kinyumenyume, akilizuia kwa kifua. Mashuka makavu ungeyazuia kwa mkono mmoja. Mabichi yalikuwa habari nyingine: hatua ya kwanza yalikuja polepole, ya tatu yalikuwa na haraka, ya tano hayakumsikia mtu. Jana kandambili ya Shangazi iliteleza kwenye maji ya sabuni, mpini ukamponyoka. Wifi yake hakulitazama toroli. Alimtazama yeye, mpaka ukutani.

"Njoo," Shangazi alimwambia Msimamizi, akainuka.

Haikuwa sauti ya kuomba, labda ndiyo maana Msimamizi alimfuata, karatasi na kalamu mkononi. Katika chumba cha kufulia, wafuaji wakaacha kukunja. Shangazi alitoa mashuka mabichi kwenye mashine, akayarundika torolini mpaka yakajaa pomoni, akalifikisha kwenye ukingo wa mteremko. Akalishikilia hapo, visigino vimekaza.

"Pita mbele ulizuie."

Msimamizi alicheka kidogo, akatazama huku na huku. Akasema hiyo si kazi yake.

"Si umesema haliondoki lenyewe? Basi simama pale. Sitalisukuma. Nitafungua vidole tu."

Msimamizi hakusogea mbele. Alisogea pembeni, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Hatua ile kila mtu aliiona.

Shangazi akafungua vidole.

Toroli lilianza kwa uvivu, kama lisilotaka kwenda. Hakuna aliyeligusa, na bado kila lilipofika lilikuwa na mbio kuliko lilikotoka. Lilipojibamiza kwenye ukuta chini ya mteremko, vioo vilitetemeka na lipu ikamomonyoka. Toroli lilisimama, lakini mashuka hayakusimama nalo. Yaliruka mbele, yakajibwaga ukutani.

"Umeharibu mali ya hospitali," Msimamizi alisema.

"Na wewe umeharibu mtu. Miezi mitano sisi ndio breki yako. Andika hivyo."

Alipoona haandiki, Shangazi alimpokonya karatasi na kalamu, akaigeuza nyuma, akaiegemeza kwenye mlango wa mashine. Aliandika kwa hasira, kalamu ikichimba: breki, miezi mitano, mara tatu. Kisha mkono ukasita. Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemuuliza. Akaandika pia kandambili, na kwamba mpini aliuachia yeye. Mstari huo ulimchukua muda mrefu kuliko yote.

Alitia sahihi, akampa mpiga pasi. Mpiga pasi alifuta mikono kwenye aproni, akasoma, akatia yake chini, kisha akampa aliyemfuata.

Msimamizi alikuwa bado amesimama ukutani. Nyuma yao mashine ya tatu ilimaliza mzunguko wake, ikaanza kulia. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na hakuna aliyekwenda kuifungua.