Mawese ya Mama Adelaïde

Mwaka wa 1952, Léonard Ndagijimana alikuwa mwangalizi wa mapipa katika kiwanda kidogo huko Masisi. Mapipani uji wa muhogo ulichacha ukatoa spiriti ya kuyeyushia rangi. Lakini spiriti hiyo ikizidi humo ndani huiua chachu yenyewe. Kwa hiyo walimimina mawese juu, yakaivuta polepole. Baadaye waliyaengua na kuyachemsha ili kuitoa, na chachu ikaendelea na kazi.

Mawese yaliletwa na Mama Adelaïde, mjane wa kijiji cha Ntoto. Aliyabeba mgongoni siku nne, kamba ikimkaza kwenye paji la uso.

Jumamosi ya ubatizo wa binti yake, Léonard alikuta mawese yameganda kwa baridi ya milimani. Kuyayeyusha kungemchukua asubuhi nzima, na padri hangemngoja. Akayachanganya na mafuta ya taa, yakalainika papo hapo, akayamimina, akakimbilia kanisani.

Jumatatu mapipa matatu yalikuwa kimya, hayana hata povu; chachu ilikuwa imekufa.

"Ulitia nini?" aliuliza muzungu mwenye kiwanda, mbele ya wafanyakazi wote.

"Mawese tu, bwana. Pengine ni haya ya Ntoto njo mabaya."

Neno lilimponyoka. Na mlangoni, mzigo mpya ukiwa bado mgongoni, alisimama Mama Adelaïde. Muzungu akaamuru mafuta yake yamwagwe mtaroni, naye afukuzwe.

"Papa Léonard," mama alisema, "unajua mafuta yangu. Sema."

Léonard akainama, akajifanya anakaza koki. Mama akaviringa kamba yake, akaenda zake.

Siku tatu alirudisha sahani ikiwa imejaa. Mkewe, Drocella, alipombana, akamweleza yote.

"Mama wa watu anafukuzwa juu yako, na we unakaa hapa?" Drocella alisema, akampa kisogo.

Kesho yake Léonard akakiri kwa muzungu, akaondolewa kwenye mapipa na kuwekwa kupasua kuni. Kisha akashika njia ya Ntoto. Alimkuta Mama Adelaïde akikamua ngazi, matunda ya mchikichi, akapiga magoti kwenye matope.

"Nisamehe, mama. Nimeshaambia muzungu kama ni mimi niliharibu."

"Na wale walioniona nikifukuzwa kama mwizi? Hao uliwaambia?"

Hilo Léonard hakuwa hata amelifikiria.

"Basi rudia Masisi, uwaambie. Huku magoti yako hainisaidie kitu."

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, wafanyakazi na majirani walipotoka misa, alisimama mbele yao. Akaeleza mafuta ya taa na uongo wake. Wengine walicheka, mmoja akatema mate. Alisema hadi mwisho, masikio yakimwaka moto.

Habari zilifika Ntoto, lakini Mama Adelaïde hakupanda tena Masisi. Mafuta yake aliyauza Walikale. Kila mgeni kiwandani alipouliza kwa nini mawese siku hizi ni machache, Léonard aliweka shoka chini akajibu mwenyewe kwamba ni kwa kosa lake, kabla mwingine hajamjibia.